Dada wa Kwenye Fomu

Gabriel alifika sokoni Jumamosi saa sita mchana. Nilikuwa nimeinamia cherehani, na kabla sijainua uso nilishajua ni yeye kwa sababu ya viatu. Mwezi wa saba Sumbawanga vumbi hupanda mpaka kwenye kikombe cha chai, lakini viatu vile vilikuwa vinang'aa utadhani vimetoka dukani asubuhi hiyo. Vilisimama mbele ya meza yangu, kisigino kwa kisigino.

"Fundi," akasema, "nina suruali inataka kupunguzwa kiuno."

"Kiuno chenyewe kiko wapi?" nikajibu bila kumtazama, maana ningemtazama ningelia mbele ya watu. "Naona wamekimaliza huko kwao."

Akacheka. Miezi kumi na moja nilikuwa nimepanga maneno ya siku hiyo, matamu na ya kumkaripia, na yote yakanitoroka. Nikainua uso. Alikuwa amekonda, amechomwa na jua, kichwa kimenyolewa mpaka masikio yakaonekana makubwa. Macho yalikuwa yale yale. Nasema ukweli hata leo ambapo sina faida yoyote ya kumsifia: Gabriel alikuwa mzuri, na akikutazama ulijiona na wewe mzuri.

"Una siku ngapi?" nikamuuliza.

"Likizo ni siku kumi. Nne zimeishia barabarani, nne nyingine nazihitaji kurudi. Jumatatu alfajiri napanda basi."

"Kwa hiyo mimi nina leo na kesho."

"Una mimi siku zote, Adela."

Aliyasema hayo pale pale, kati ya mafundi na wauza mitumba, na mimi kwa ujinga wangu nikayameza mazima mazima.

Nikafunika cherehani, tukaenda kwa mama ntilie nyuma ya soko. Nilimwagizia ugali na migebuka, samaki aliokuwa akiwaota akiwa mbali. Sahani yake ilikuwa tupu kabla mimi sijamega tonge la tatu.

"Nani anakufukuza?" nikamuuliza.

Akaona aibu, akafuta mdomo. "Mazoea. Kule mnaingia bwaloni watu zaidi ya mia, sajenti anatazama saa. Akipuliza filimbi, tonge lililo mkononi unaliacha, lililo mdomoni unalimeza. Mwenzangu mmoja alificha kipande cha nyama mfukoni. Alizungushwa uwanja mzima amekinyanyua juu hivi, anapiga kelele, 'Mimi ni mwizi wa jikoni!'"

Nikacheka mpaka mama ntilie akageuka. Naye akafurahi kuniona nacheka, akazidisha. Akanieleza wanavyoamshwa saa kumi alfajiri, na baridi ya huko mlimani, ambayo hata mtoto wa Ufipa inamtoa machozi. Wanavyotandika vitanda mpaka blanketi linanyooka kama ubao, kisha sajenti analitupa sakafuni na kusema rudia. Wanavyopiga pasi magwanda mara mbili kwa siku, yeye ambaye kwao Mwazye hakujua hata pasi inashikwa wapi. Wanavyokimbia na mzigo mgongoni mpaka mtu anatapika, na akishatapika anaambiwa aongeze mwendo. Mchana darasani, ramani na sheria, na ukisinzia unasimama juu ya kiti umenyanyua bunduki kwa mikono miwili.

"Na unapapenda?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Napachukia kila siku mpaka jioni. Jioni nikivua viatu, najiona mtu."

"Na barua zangu?"

"Barua zako ndizo zilizonifikisha leo."

Barua hizo lazima nizieleze, maana ndizo zilizoniponza. Mimi na Gabriel tulisoma sekondari moja. Yeye ni mtoto wa Mzee Zenon, mkulima wa Mwazye, na mimi ni binti wa Mwalimu Eustaki wa Kizwite. Tulipendana toka kidato cha tatu. Alipomaliza mwaka wake wa jeshi la kujenga taifa, akachaguliwa kwenda chuo cha maofisa, huko kaskazini kabisa. Wiki ya kwanza wakapewa fomu, kila mmoja ataje watu watakaokuwa wanamwandikia. Palikuwa na mstari wa baba, mama, kaka na dada. Mstari wa mchumba haukuwepo, kwa sababu ofisa mwanafunzi haruhusiwi kuoa wala kuposa mpaka apate nyota zake na idhini ya wakubwa. Gabriel akaona akinyamaza atakosa barua zangu. Akaandika kwa mkono wake: Adela Zenon, dada.

Habari hiyo alinitumia kwa mwenzake aliyerudishwa nyumbani kwa ugonjwa. Kila Ijumaa baada ya ukaguzi, sajenti meja hufungua bahasha zote. Akikuta barua yenye 'mpenzi' ndani, mwenye barua hupandishwa juu ya meza ya bwalo, aisome kwa sauti, kisha arushwe kichurachura mpaka magoti yafe ganzi. Kwa hiyo nikaandika kama dada. 'Kwa kaka yangu mpendwa, sisi hatujambo, mama anakusalimia, mahindi tumeshavuna.' Nilicheka nikiandika. Niliona ni ujanja wa mapenzi, kwamba tumewaweza wakubwa. Jina la baba yake nikawa nimeshavishwa, kabla ya harusi na kwa mlango usio wake.

"Gabriel," nikasema, "kesho kuna wageni nyumbani."

"Wageni gani?"

"Wanaleta barua ya posa. Baada ya misa ya pili."

Akaweka bilauri chini polepole. "Ya nani?"

"Ya Isdori."

"Yule mwenye malori?"

"Lori moja. Alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Mahindi yaliporuhusiwa kununuliwa na mtu yeyote, akapata lake."

Isdori hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera. Angekuwa mlevi ningemkataa kwa raha zangu. Alikuwa mpole, anakwenda kanisani, anamsalimia mama yangu kwa kuinama, na alinitazama kwa heshima hata aibu ikanishika mimi.

"Na wewe umesema nini?" Gabriel akauliza.

"Nimesema nina mtu. Baba ananiuliza, mtu huyo mbona akikuandikia anakuita dada?"

 Alinyoosha mkono juu ya meza akashika vidole vyangu, vile vya fundi, vilivyotobolewatobolewa na sindano. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama cha mkulima. Tukakaa hivyo mpaka mama ntilie akakohoa.

"Leo jioni naonana na baba yako," akasema.

*

Baba yangu ni mtu asiyepandisha sauti. Amefundisha darasa la saba miaka ishirini na sita, na kalamu nyekundu imemwingia damuni. Alikuwa amekaa sebuleni amevaa koti lake la baridi wakati Gabriel alipoingia.

"Shikamoo, mzee!" Gabriel akapaza sauti, amesimama wima, mikono imebana mapajani.

"Marahaba. Kaa, kijana. Hapa si uwanjani."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Baba akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti, akaiweka mezani, jina likitazama juu.

"Hii ilikuja kwenye sanduku la shule. Imeandikwa Adela Zenon. Mwalimu mkuu akaniuliza mbele ya walimu wenzangu, huyu ni nani? Nikasema simjui. Nimemkana mwanangu kwa ajili yako, kijana."

"Naomba radhi, mzee. Ni ile fomu..."

"Fomu Adela amenieleza. Fomu naielewa, na mimi ni mtumishi, nimejaza nyingi. Ninachokuuliza ni hiki: ukiwa nje ya fomu, huyu binti ni nani wako?"

"Mchumba wangu, mzee."

Lilimtoka bila kusita. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha ndani na mama yangu Rosina, naye akanifinya mkono. Nami nikamfinya na yeye kwa furaha.

"Vizuri," baba akasema. "Lakini hapa tuko wewe, mimi, na hawa wanaojificha mlangoni. Kesho watakuwepo watu. Unajua taratibu zetu. Barua ya posa haipokelewi na baba. Anaipokea kaka wa binti. Mimi Mungu amenipa wasichana watatu, kwa hiyo atapokea mdogo wangu Adolfu. Lakini kabla hajanyoosha mikono, wageni watataka kumjua kila aliyekaa, ni nani wa binti. Wewe utakuwa umekaa hapo ulipo. Zamu yako ikifika, sema hivyo ulivyosema sasa."

"Ndiyo, mzee."

"Ukishasema, wao wataondoka na barua yao. Na mimi nitakungoja mpaka upate hizo nyota, hata ikiwa miaka miwili. Sitaki ng'ombe sasa, sitaki kitu. Nataka mwanangu atajwe mbele ya watu mara moja tu, ili nikiulizwa tena shuleni nisione haya."

"Nitasema, mzee."

"Usipoweza, usije. Sitakulaumu, kazi unaitafuta. Ila ukija, useme."

"Nitakuja na nitasema."

Nikamsindikiza mpaka kwenye mikaratusi, pale njia inapokata kuelekea kwa shangazi yake alikofikia. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza, ule wa kwetu unaoingia mpaka ndani ya mifupa. Akavua sweta akanivisha begani.  Nilimtazama shingo, pale kola ya shati la jeshi ilipomchuna ngozi, nikatamani kupagusa.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa. Mwaka huu wamemfukuza mmoja. Mkwe wake alimwandikia mkuu wa chuo kwamba amemposa binti yake. Alivuliwa gwanda mbele ya gwaride, Adela, tukitazama wote. Akatoka getini na kaptula." Akapangusa vumbi kwenye kiatu. "Mzee wangu kule Mwazye ameshaambia kila mtu kwamba mwanaye ni ofisa. Mpaka padri ameshaambiwa."

"Nani ataandika kukushtaki wewe? Baba hawezi."

"Najua. Ndiyo maana nasema nitasema."

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kifungo cha shaba, kizito, kinang'aa kama viatu vyake. Kilikuwa cha koti lake la gwaride.

"Nilisema kimepotea. Nikala kichurachura siku nzima, na Jumapili mbili bila kutoka. Nilitaka kifike kitu changu mkononi mwako ambacho hakijapita kwa sajenti meja."

Nikakifunga kwa pini ndani ya gauni langu, upande wa moyo. Mtu aliyekubali kuteswa siku nzima kwa ajili ya kifungo, ningemtiliaje shaka?

*

Jumapili walikuja watatu: wazee wawili wa upande wa Isdori na mshenga wao. Mshenga ndiye aliyeharibu mambo, na hakuwa na kosa. Alikuwa Mzee Limbu, Msukuma mwenye kifua kipana aliyehamia kwetu zamani, anayefundisha mgambo. Kabla ya hapo alikuwa sajenti jeshini. Hilo sikulifikiria. Kwangu mimi Mzee Limbu alikuwa mzee wa jirani mwenye ng'ombe wengi na kicheko kikubwa.

Gabriel alikuwa amekaa pembeni ya dirisha na shati jeupe. Nilikuwa mlango wa ndani nimeshika trei ya vikombe, nikingoja kuitwa, na niliona uso wake Mzee Limbu alipoingia akitembea ule mwendo wao. Ulifungika kama mlango.

Salamu zikapita. Habari za mvua zikapita, na za mahindi. Kisha Mzee Limbu akaweka bahasha magotini, akatabasamu.

"Sasa wenyeji wetu, tusije tukampa mzigo mtu asiye mwenyewe. Tunaomba tujulishwe. Mwalimu tunamfahamu. Huyu?"

"Adolfu, baba mdogo wa binti," akasema baba mdogo.

"Tumefurahi. Na kijana huyu?"

Baba alitazama chini, kwenye mkeka. Alikuwa amemwachia Gabriel neno hilo, na hakumsemea.  Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye trei yangu, nikavibana kwa dole gumba.

Gabriel akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mzee Limbu akamnyooshea kidole.

"Ngoja, ngoja. Hicho kichwa nakijua. Na hivyo viatu! Wewe ni mwanajeshi."

Gabriel akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Mwili ulijisimamisha wenyewe, visigino vikagongana.

"Ndiyo, afande."

"Kuruta?"

"Ofisa mwanafunzi, afande."

"Wewee! Chuo cha huko kaskazini?" Mzee Limbu akapiga paja kwa furaha. "Kombania gani?"

"Kombania B, afande."

"Mkuu wenu si yule mrefu mwenye kovu hapa? Yule nimemfundisha kwata mimi kwa mikono hii! Mpaka leo akipita Mbeya lazima anitumie salamu. Sasa, kijana wangu, huyu binti ni nani wako?"

Gabriel aligeuza macho akaniona mlangoni. Tukatazamana. Nilimwomba kwa macho, sijui nisemeje zaidi ya hivyo, nilimwomba kama mtu anavyoomba akiwa magotini. Na niliyaona macho yake yakinipenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikuwa ananipenda saa ile ile. Kisha akayaondoa kwangu, akayapeleka ukutani, juu ya kichwa cha Mzee Limbu, mahali ambapo wamefundishwa kutazama.

"Dada yangu, afande."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha sisi wa nyumbani peke yetu. Wageni hawakukiona. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Si ndiyo raha hiyo!" Mzee Limbu akasema. "Kaka mtu yupo, hata kama ni wa ukoo, tena ofisa. Basi Bwana Adolfu utatusamehe, barua anapokea kaka."

Baba mdogo alikuwa ameshanyanyua mikono. Akaishusha, akamtazama baba. Baba akainua kichwa taratibu na hakumtazama Gabriel hata kidogo. Alinitazama mimi. Katika miaka yangu ishirini na miwili sijawahi kuona baba yangu ametazama vile, amenionea huruma na kuniachia uamuzi kwa wakati mmoja.

"Adela, mwanangu. Njoo. Umesikia yote?"

"Nimesikia, baba."

"Barua hii ipokelewe?"

Ningeweza kusema hapana. Mdogo wangu Herieth huniuliza, kwa nini hukusema hapana, dada, hata kwa kumwaibisha Gabriel? Simwambii. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, hasira iliyotulia, na ilinipa sauti nzuri kuliko ile ninayoimbia kanisani. Nilitaka aumie. Sikufikiri kwamba na mimi ningeishi ndani ya jibu lile.

"Ipokelewe, baba," nikasema. "Kaka si huyo hapo? Apokee."

Gabriel akanigeukia. Midomo ikacheza, nikadhani sasa atasema. Nilimpa nafasi. Niliweka trei mezani, nikapanga vikombe kimoja kimoja, nikavigeuza mikono yote iangalie upande mmoja, nikimpa nafasi. Hakusema. Mzee Limbu alikuwa ameshanyoosha bahasha, nyeupe, pembeni ina ua jekundu. Gabriel akanyoosha mikono miwili, viganja juu, akaipokea. Mikono haikutetemeka. Walimu wake wangejivunia.

Mama akapiga kigelegele kimoja kikavu, kwa sababu ilibidi mtu apige.

*

Chakula kilipokuwa kinaliwa, Gabriel alitoka nje. Nilimfuata na birika la maji ya kunawa kama kisingizio, nikasimama nyuma ya banda la kuni, maana Mzee Limbu alikuwa ametoka naye kuwasha sigara.

"Kijana," nikamsikia mzee akisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mtu mzima. Sikuona mle ndani. Nimeona sasa hivi unavyolia."

"Silii, afande."

"Acha uafande. Yule si dada yako."

Nilimsikia Gabriel akivuta kamasi.

"Na mimi kwenye fomu yangu niliandika dada," Mzee Limbu akasema. "Wengi tuliandika. Baba yake Kabula, mke wangu, aliponiuliza mbele ya watu, nikasema ukweli. Nikafungwa siku kumi na nne za mahabusu, nikacheleweshwa cheo miaka mitatu. Kabula yuko nyumbani, ana wajukuu. Ungesema, ningebeba barua yangu nikaondoka, na huko chuoni kwenu nisingefungua mdomo. Mimi nimekuja kuposa, sikuja kuchunguza watu."

"Mzee... sasa hivi nikirudi ndani nikasema?"

"Ukasema nini? Barua umepokea kwa mikono yako. Na binti amekubali kwa mdomo wake." Akavuta sigara, akaitupa haijafika nusu. "Pole sana, mwanangu. Pole."

Alipopita kwenye banda la kuni aliniona. Alivua kofia, akaingia ndani.

Nikajitokeza. Gabriel alikuwa amesimama kwenye uzio wa matete, bahasha bado mkononi, kana kwamba hajui inawekwa wapi.

"Adela, nisikilize. Alimtaja mkuu wangu wa kombania. Akilini nilimwona getini yule mwenzangu na kaptula yake. Nilimwona mzee wangu. Neno lilikuwa hapa," akagusa koo, "likakataa."

"Lile lingine mbona halikukataa?"

"Nimelisema miezi kumi na moja. Lilitoka lenyewe."

Nilimwamini. Ndivyo walivyomfundisha, aulizwe na ajibu kabla hajafikiri, na mimi nilimsaidia kujifunza, barua kwa barua. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na nikaona vyote viwili havimfai tena mchumba wa mtu mwingine.

Nikaingiza mkono ndani ya gauni, nikafungua pini. Nikamwekea kifungo juu ya bahasha.

"Kwa ajili ya hiki ulikubali kichurachura siku nzima," nikamwambia. "Kwa ajili ya jina langu ulishindwa hata kukohoa. Kashone koti lako, usije ukaadhibiwa tena."

"Nitakuandikia," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa na hakuyafuta, mikono ilikuwa imejaa. "Nitakuandikia kila wiki. Nitakueleza yote, mpaka unisamehe."

"Niandikie. Lakini ujue Isdori atakuwa anazifungua barua zangu, ni haki yake. Kwa hiyo anza na 'Kwa dada yangu mpendwa.' Umeshazoea."

Mama akaniita kutoka ndani, wageni wanataka kunawa. Nikainua birika, nikaenda.